Nywele Nilizozipanda Nyuma ya Bafu la Mama Mkubwa

Daktari wa ngozi aliniambia nivue mtandio, nikavua. Akaniinamisha karibu na dirisha, akapitisha kidole kwenye kile kiduara nyuma ya sikio langu la kushoto, mahali palipokuwa laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Kisha akaanza kunieleza polepole, kama mtu aliyezoea wagonjwa wanaofika kwake wakiwa wameshajihukumu. Alisema kunyonyoka nywele si ugonjwa mmoja. Kuna wanaume wanaopungukiwa kidogo kidogo kwenye paji na utosini kwa sababu ya urithi, na wanawake nao wana wa kwao, ambao nywele zinakuwa chache katikati ya kichwa mpaka ngozi inaonekana. Kuna mama aliyejifungua au aliyeugua homa kali, miezi michache baadaye nywele zinamwagika, halafu zinarudi. Kuna sisi tunaojimaliza wenyewe kwa misuko ya kuvuta mpaka macho yanapanda. Kuna mapunye, ambayo yana vidonge vyake. Na kuna huu wangu, ambapo kinga ya mwili inakosea, inashambulia mashina ya nywele ikidhani ni adui. Kwa wengine zinaota bila dawa. Kwa wengine anachoma sindano ndogo ndogo palepale penye kiduara, au anatoa dawa ya kupaka. Kwa wengine hakuna kinachosaidia, na hao huwashauri wavae nywele za bandia au wanyoe waendelee na maisha yao.

"Hukuambukizwa na mtu," akasema, "na hakuna mtu aliyekufanyia."

Hilo la mwisho alilisema kwa kawaida tu, nadhani humwambia kila anayekaa kwenye kile kiti. Mimi nikaanza kulia. Akadhani nalilia nywele, akanisogezea karatasi laini, akaniuliza kama nyumbani kuna mwingine aliyewahi kupata hali ile.

"Mama," nikasema.

"Ikawaje?"

"Ziliota zenyewe."

Akaandika, akaniandalia sindano. Yaliyobaki hakuyauliza, na mimi sikuwa nimemwambia mtu yeyote tangu nikiwa na miaka minane.

Kijijini kwetu, juu kule upande wa Newala, sisi tulikaa mlimani na maji yalikaa bondeni. Wanawake walishuka na ndoo alfajiri, ukungu ungali kwenye mikorosho, wakapanda jua likiwa limeshakuwa kali, kwa hiyo maji hayakumwagwa ovyo. Yaliyooshewa mchele walipewa bata. Yaliyoogewa yalipita chini ya ua wa nyasi wa bafu, yakafuata kijifereji mpaka kwenye chochote kilichopandwa nyuma yake. Kiangazi kilipokaza, udongo wote mwekundu na mkavu, sehemu mbichi zilikuwa ni hizo tu, nyuma ya mabafu ya watu. Nyuma ya bafu letu kuku walichakura kutwa nzima. Nyuma ya bafu la mama mkubwa palikuwa na uzio wa miiba, mipapai miwili, na udongo mweusi uliokuwa ukinuka sabuni ya mche.

Mama mkubwa Somoe alikuwa dada yake mama, na nyumba yake ilikuwa hatua kumi tu kutoka kwetu. Mume alishaondoka, na mtoto wake mmoja alikuwa amekufa kabla sijazaliwa, basi mimi nilikuwa wa kwake kwa kiasi kikubwa tu. Alisuka kijiji kizima. Jioni ungewakuta wanawake wamekaa mkekani wanangojana, na mimi nikiwa nimebanwa katikati ya magoti yake, shingo inaniuma, mafuta ya nyonyo yananitiririkia masikioni. Nikilalamika ananigonga na kitana, anasema, "Tulia wewe, uzuri hauji umelala." Yeye mwenyewe alikuwa na nywele nyingi nzito, akizisuka twende kilioni zinamfika mabegani, na alijua ni nzuri. Alipenda kufungua kilemba mbele za watu kwa kisingizio cha joto.

Ni yeye aliyeona wa kwanza. Alikuwa anamsuka mama, mara mikono ikasimama.

"Mdogo wangu, hapa pana nini?"

"Wapi?"

"Hapa. Pamekuwa peupe, kama pamefutwa."

Walicheka siku ile, mama akasema labda ni mzigo wa kuni umempiga. Baada ya wiki mbili viduara vilikuwa vitatu, kisha vikaungana. Mama akaacha kufungua kilemba mbele ya mtu yeyote isipokuwa mimi na dada yake. Walijaribu kila kitu. Mama mkubwa alimpaka nyonyo, akamsugulia maji ya kitunguu mpaka chumba kizima kikanuka. Kwenye zahanati walisema mapunye, wakampa vidonge, akavimaliza. Mwalimu wa madrasa alimwandikia kombe, akaliosha, akalinywa siku saba. Nywele ziliendelea kutoka, asubuhi kwenye mkeka ungedhani mtu amenyolewa pale.

Kazi yangu ilikuwa kuziokota. "Usiache hata uzi mmoja," mama alinisisitizia kila siku, "na ukitoka uzitie chooni moja kwa moja." Kwetu nywele za mtu hazitupwi hovyo, anayekutakia mabaya akizipata amekupata wewe. Hilo nililijua kama nilivyojua kuwa moto unaunguza. Nilizikusanya ndani ya kiganja, nyepesi, zinawasha, na kila siku nilizitia chooni kama nilivyoambiwa.

Halafu nikawa na akili zangu. Msimu wa kupanda uliopita nilimsaidia mama mkubwa shambani, naye alikuwa akikata mashina ya muhogo vipande vipande. Nilimuuliza mbegu iko wapi, mbona naona vijiti tu.

"Kijiti ndiyo mbegu yake," akasema. "Kifukie, kipe maji, kinaota chenyewe."

Na kweli viliota, kila kimoja, na majani yake. Sasa nikajiuliza, kama kijiti kilichokatwa kinaota, kwa nini tunatia nywele za mama chooni? Kwa nini watu wazima hawa, na kombe lao na vidonge vyao, hawajafikiria jambo jepesi kama lile? Nilijiona nina akili kuliko ukoo mzima. Nikaiba uzi mweusi, nikazifunga nywele mafungu madogo ili zisipeperuke, nikaenda kuzipanda mahali pekee palipokuwa na maji kiangazi kile. Nilipitia kwenye tundu la uzio wa mama mkubwa, nikazifukia kwa mstari kati ya mipapai miwili, nikiziegemeza upande kama mbegu ya muhogo. Sikumwambia mtu. Nilitaka siku moja nimshike mama mkono, nimpeleke akaone.

Wiki chache baadaye, kwenye kichwa cha mama, vikaota vinyweleo vyeupe vilaini. Nani angenishika siku ile! Nilikimbia mpaka nyuma ya bafu, nikarukaruka peke yangu kati ya mipapai, kisha nikapanda mafungu mengine manne. Yote yakawa saba.

Vinyweleo vile havikukaa. Vilianguka, na safari hii nyusi nazo zikaondoka, na uso wa mama ukawa wa mtu nisiyemjua, kila mara umeshangaa. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Miaka ile mtu akinyonyoka nywele watu walijua wanachokifikiri, hata kama hawakutaja jina la ugonjwa. Njia ya bondeni wanawake walimwachia mama nafasi, mbele na nyuma. Baba akahamia kwenye kibanda cha shambani, akisema analinda korosho. Mama alilia jikoni akasingizia moshi. Nilikuwa mdogo lakini niliona kuwa kitu kinachongojewa katika nyumba yetu ni mama kufa, na kwamba watu wameshaanza kukaa mbali ili wasiwepo.

Basi mjomba alipokuja kusema kuwa si ugonjwa, kuna mkono wa mtu, nilimwona mama akipumua. Sasa nikiwa mkubwa namwelewa. Ugonjwa ule ungemnyang'anya mume, nyumba na jina. Uchawi ungemrudishia vyote, ilimradi apatikane mtu. Na kwetu mambo ya ukoo mwenye kauli ni mjomba, baba hakuulizwa.

Fundi aliletwa kwa pikipiki kutoka huko bondeni, mganga mwenye vijana wawili na mfuko wa ngozi. Ilikuwa asubuhi, mikorosho inadondosha, hewa yote tamu kwa harufu ya mabibo yanayooza. Watu walijaa uani. Akauliza swali moja tu kabla ya kuanza kazi.

"Nani anayemshika kichwa huyu mama?"

Macho yote yalikwenda upande mmoja. Mama mkubwa akasema, "Mimi. Ni mdogo wangu, namsuka tangu mtoto."

Vijana walizunguka na vyuma vyao wakichoma ardhi. Kila mahali chuma kiligonga udongo mkavu, ng'wa, ng'wa. Kufika nyuma ya bafu la mama mkubwa kikazama chenyewe. Wakachimba kwa mikono, na fungu la kwanza likatoka, uzi mweusi umelowa, nywele zimeshikana tope. Wakatoa la pili. Walipofika la saba wanawake walikuwa wanapiga mayowe na mjomba amekaa chini na kichwa chake mikononi.

Ningependa kuandika kwamba nilipiga kelele nikasema ni mimi. Nilikuwa nimesimama karibu kuliko mtu yeyote. Nilimwona mama mkubwa akiyaangalia yale mafungu, si kwa hofu, kwa mshangao tu, kama mtu aliyekuta kitu kigeni kabatini mwake. Mama akanigeukia.

"Zuhura. Nywele ulizokuwa unaniokotea ulizipeleka wapi?"

"Chooni," nikasema.

Alinitazama machoni. Sijui kama alijua. Nimeliwaza swali hilo kwa miaka mingi na kila nikikaribia jibu naliacha. Akageuka, akaanza kulia kwa sauti, na watu wakamshika.

Wale wa zamani wanajua inavyofanywa. Mchawi hauawi wala hafungwi, ananyolewa, na nguvu zake zinaondoka na nywele. Walimkalisha mama mkubwa kwenye kinu kilichopinduliwa, mbele ya wale wale aliowasuka. Fundi alitumia wembe mtupu, hakupaka kitu. Nywele zile nzito zilidondoka mapajani, na mahali wembe ulipokwama damu ilitoka ikafuata shingo. Hakupigana. Kuna wakati alifumbua macho akaniona mimi, akasema kwa sauti ile ile ya kuniagiza kitana, "Mwanangu, niletee maji kidogo. Ananichuna."

Nilikwenda kuchota kwenye mtungi wake. Nilimmwagia kidogo kidogo kwa viganja kwenye kichwa kilichonyolewa nusu, yeye akasema ahsante. Mtu akisema nilikuwa mtoto namshukuru, ila mikono ile ilikuwa yangu.

Kesho yake aliondoka na kifurushi kimoja, akashuka kuelekea Masasi. Alipita mbele ya mlango wetu. Mama hakutoka. Mipapai waliikata.

Na nywele za mama zikaota. Hilo ndilo sikulitegemea na ndilo lililonimaliza. Mvua zikanyesha, mbaazi zikatoa maua, na kichwa cha mama kikajaa nywele, kwanza nyeupe, kisha nyeusi, nyusi nazo zikarudi mahali pake. Baba akarudi kutoka shambani. Njia ya bondeni mama akawa anatembea katikati ya wenzake akicheka. Fundi alitafutwa na vijiji vitano. Mimi, niliyefukia mafungu yale kwa mikono yangu, nikaamini pamoja na wengine. Nilijiambia kuwa labda mama mkubwa ndiye aliyenitia wazo la kijiti bila mimi kujua, labda ndivyo wanavyofanya, wanatumia watoto. Nililala vizuri kwa imani hiyo. Nilimchukia kwa miaka miwili mitatu, mpaka nilipokua kiasi cha kuona ujinga wangu, na wakati huo kusema kungemvunja mama. Mama amefariki na nywele zake zote kichwani. Sikumwambia.

Siku tatu baada ya sindano za kwanza nilikwenda Mkomaindo, mtaa wa Masasi alikohamia mama mkubwa. Nilimkuta kwenye chumba cha kupanga, anauza mkaa kwa makopo mlangoni, kizee chembamba, kilemba kimekazwa mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Nani?"

"Zuhura. Wa mdogo wako."

Nilimpa mkono, akaupokea kwa ncha za vidole, akauachia haraka. Mtoto wa jirani alipomkimbilia kudai kopo, mama mkubwa alirudi nyuma asimguse. Tulikaa ndani. Nilimweleza yote bila kujitetea: muhogo, uzi mweusi, mipapai, chooni. Yeye alisikiliza huku akifuta vumbi la mkaa kwenye viganja. Nilipomaliza alitikisa kichwa, akatabasamu kidogo.

"Una roho nzuri, mwanangu. Tangu mdogo. Lakini usinitungie maneno ili unifariji."

"Mama mkubwa, situngi. Nilizifukia mimi."

"Sawa, ulizifukia. Sasa mbona waliponinyoa, za mama yako ziliota?"

Nikamweleza ya daktari, kinga ya mwili, mashina, kwamba kwa wengine zinarudi zenyewe. Alinisikiliza kwa heshima tu.

"Kuna wanaofanya bila kujua," akasema. "Mimi nilimpenda mama yako. Ila yeye alikuwa na mume, alikuwa na wewe. Siku nyingine nilikuwa namsuka huku roho inaniuma, naziangalia nywele zake nasema na hizi pia anazo. Itakuwa ilitokea hapo. Nimeikubali zamani. Ndiyo maana sijamshika mtu kichwa tena."

Nilishikwa na hasira, si juu yake. Nikatafuta ushahidi ambao hawezi kuukataa, nikavua mtandio wangu pale pale na kumwinamishia kichwa. "Tazama. Na mimi ninao. Ni wa damu yetu, hakuna mtu aliyenifanyia."

Nilipoinua uso alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Na wewe tena," akasema. "Mtoto wangu mwenyewe. Nimekufanyia lini?"

Alikwenda kwenye kijisanduku, akarudi na wembe mpya kwenye karatasi yake, akafungua kilemba. Nywele zake zilikuwa fupi, nyeupe, chache. Akakaa chini mbele yangu, kwenye sakafu, nilivyokuwa nakaa mimi kwenye magoti yake. "Ninyoe. Sasa hivi. Za mama yako ziliota."

Nilikataa. Nililia, nilimbembeleza, niliapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama. Niliondoka na wembe ule mkononi ili asiutumie, kana kwamba Mkomaindo nzima kulikuwa na wembe mmoja.

Nilimaliza raundi tatu za sindano kabla sijapata moyo wa kurudi. Alikuwa mlangoni na mkaa wake. Amejinyoa mwenyewe, bila kioo, na nyuma ya masikio palikuwa na makovu mabichi na mengine ya zamani kidogo, kwa hiyo hakujinyoa mara moja. Jirani aliniambia anafanya hivyo kila Ijumaa, halafu anakaa na kutetemeka kwa maumivu. Hakunijibu hata shikamoo vizuri. Alinivuta ndani, akafunga mlango.

"Vua nione."

Nilisimama na mkono kwenye mtandio. Kiduara changu kilikuwa kimeota, nywele fupi nyeusi, zimejaa. Nikimwonyesha, atakufa akiamini ni mchawi. Nikimficha, Ijumaa atachukua tena wembe, na Ijumaa ya pili, mpaka ajikate pasipoponyeka. Nilimtazama yale makovu. Nikavua.

Alinyoosha mkono taratibu. Tangu siku ile ya kinu hakuwahi kumgusa mtu kichwa, na vidole vyake vilikuwa vigumu, vyeusi kwa mkaa. Akavipitisha nyuma ya sikio langu, akarudia, akasikia zile nywele zinamchoma kidogo. Akaanza kucheka na machozi yanamtoka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Umeona? Nilikwambia ni mimi."